Ruta Inayosahau

Mafundi wa intaneti nawajua kwa mambo mawili: wanachelewa, na wakifika wanaomba kigoda. Wa kwangu alichelewa siku mbili. Alikuja amevaa jaketi la kung'aa, lile la waelekeza magari, akanipa shikamoo kabla sijamtazama usoni. Nilipomtazama nikamkumbuka. Nilimfundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne, hapa hapa Sumbawanga, na katika mtihani wangu wa mwisho alichora saketi ambayo umeme ulikuwa unaingia na hautoki. Nilimpa alama nane kwa mia, na hizo nane zilikuwa za mwandiko. Sasa ana kipara na kitambi, na ndiye ambaye kampuni ilimwona anafaa kuniletea dunia sebuleni.

"Marahaba," nikamjibu. "Siku hizi unajua umeme unatokea wapi?"

Akacheka. Nikamletea kigoda.

Mimi ni mtu niliyewacheka sana wenye intaneti ya nyumbani. Niliwaona majirani wanavyokaa na vichwa vimeinama, baba chumba chake, mtoto chumba chake, ugali unapoa mezani, nikasema hapa kwangu ujinga huo hauingii. Uliingia kwa sababu ya mama yangu.

Binti yangu wa pekee ni mtawa, na yuko Italia. Jumamosi ya wiki ile, saa nne asubuhi kwa saa zetu, alikuwa anaweka nadhiri za daima. Mama ndiye aliyemlea. Mimi nilikuwa nahamishwa shule hadi shule, na mke wangu alipofariki nikampeleka mtoto kijijini upande wa Laela, kwa bibi yake, na huko ndiko alikojifunza kupalilia mahindi, kupepeta ulezi na kusali. Sasa mama anaishi na mimi mjini kwa sababu ya macho. Jicho la kulia limekwisha kabisa. La kushoto linaona kama mtu anayetazama kwenye ukungu wetu wa asubuhi: kitu kikiwa karibu sana anakitambua, kikisogea hatua tatu kinapotea. Daktari alisema lililokwenda halirudi na lililobaki liko njiani. Mama akasikiliza, akauliza njia hiyo ni ndefu kiasi gani, daktari akasema labda mwaka, labda hata mwaka haufiki.

Hapo ndipo alipotoa ombi lake. "Kumsikia nimemsikia kwenye simu miaka yote. Safari hii nataka nimwone anavyoapa. Nimwone uso, halafu macho yaende yanakotaka."

Kwenye simu haoni kitu. Ukimpa simu anaishika kama sahani. Lakini nina televisheni kubwa, niliyopewa na wenzangu nilipostaafu na kuipigilia ukutani, na mama akivuta kigoda mpaka goti liguse ukuta anaweza kuona uso wa mtu. Na simu zenyewe, kwenye bonde letu, zinashika mstari mmoja, na mstari huo mpaka usimame juu ya tofali uani. Ndiyo maana nikainamisha kichwa, nikawaita watu wa waya. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami niliinama huku nasonya.

Fundi akaiweka ruta kwenye kimeza kando ya televisheni, akaupigilia waya wake ukutani, akafungua kompyuta. Akaandika zile namba zenye nukta nukta, ukurasa wa mipangilio ukatokea, na akaanza kunieleza bila kuulizwa. Ruta ikitoka kiwandani haijui ni ya nani. Lazima uiambie mambo manne: aina ya muunganisho, jina la mteja, nenosiri, na namba ya njia iliyotengwa na kampuni. Ikikosa hata moja, waya unaweza kuwa mzima kabisa na bado ikakukodolea taa nyekundu.

"Nimeelewa," nikamkatiza.

Sikuwa nimeelewa namba ya njia ni kitu gani. Lakini ningemuuliza vipi mtu wa alama nane? Kuuliza si ujinga, niliwaimbia wanafunzi miaka thelathini na miwili. Walimu hakuna aliyetuimbia.

Taa ikawa kijani. Tukampigia binti yangu, na sura yake ikajaa ukuta mzima. Mama akavuta kigoda, akasogea, akasogea tena, mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mbona umekonda?" ndilo neno lake la kwanza.

"Sijakonda, bibi. Ni hii shela, inabana mashavu."

Mama akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya shavu la mjukuu wake, akakiacha hapo mpaka maongezi yalipokwisha. Fundi alikuwa anakusanya bisibisi zake polepole kuliko ilivyohitajika. Nami nilitoka nje kidogo, nikasema nakwenda kuangalia kuku.

Niliporudi mama alikuwa anaipapasa ruta. "Na hiki chenye taa?"

"Hicho ndicho kinacholeta picha."

"Kinaletaje?"

Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, maana ndipo nilipojimaliza. Fundi alikuwa ameshaondoka, rimoti iko mkononi, taarifa ya habari inakaribia, na sikutaka somo. Nikamjibu kwa Kifipa, upesi, namna anavyojibiwa mtoto: "Mama, ni kama jiko lako la mafuta. Jiko likiziba, moto hauji. Hiki nacho kikiziba, picha haiji."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilijipongeza, kusema kweli. Mfano mmoja, somo limekwisha.

Jiko lenyewe alikuja nalo kutoka kijijini. Ni la shaba, la kupampu, la zamani kuliko mimi. Nilimnunulia la gesi akasema uji wa ulezi wa kwenye gesi hauna ladha. Kila alfajiri, kabla ya kengele ya kanisa, namsikia anapampu, na kabla ya kupampu anazibua tundu la moto kwa sindano yake, kipande cha bati chenye waya mwembamba kama unywele kwenye ncha. Sindano hiyo ameifunga kwenye pindo la kitenge miaka yote niliyomjua.

Kesho yake asubuhi ruta ilikuwa na taa nyekundu.

Nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Baada ya muziki wa kutosha kuchemshia maharage, akapokea dada mwenye sauti ya asali. "Umejaribu kuzima na kuwasha, baba?" Nikamwambia hata redio ya marehemu babu yangu tulikuwa tunaizima na kuiwasha, kwa hiyo elimu hiyo tunayo. Akasema atamtuma fundi, na aliyekuja ni yule yule.

Akaweka mipangilio upya. Taa ikawa kijani. Asubuhi iliyofuata, nyekundu. Akarudi, akabadilisha kile kichwa cha umeme, akaweka mipangilio, kijani. Asubuhi, nyekundu. Kila akifungua ule ukurasa alikuta vile vitu vinne vimefutika, na ruta inamuuliza anataka lugha gani, kama siku ya kwanza.

"Inasahau," akasema.

"Inasahau! Wewe ulikuwa unasahau, nilikuelewa. Mashine nayo inasahau?"

Jirani yangu, mzee mwenye mabasi mawili ya kwenda Tunduma, alikuja kutazama kwa sababu jaketi lile lilimpita mara tatu ndani ya wiki. Akasema ni radi. Nikamkumbusha tuko Julai, mbingu kavu, upepo wa baridi unapasua midomo, radi itoke wapi? Akashusha sauti. Radi ya kutumwa, akasema, haihitaji mvua. Huyu ni mtu ambaye watoto wake wawili wamesoma chuo kikuu. Watu wa Dar wametutania kwa uchawi mpaka wenyewe tumeanza kujiogopa. Nikamwuliza mchawi wa namna gani anaacha mabasi yake mawili yenye matairi mapya na kuja kuroga namba ya njia ya mwalimu mstaafu. Akaondoka amenuna.

Siku ya Alhamisi fundi akaja kwa mara ya nne, na akasema jambo ambalo lilikuwa la kweli, ndiyo maana nilikasirika.

"Mwalimu, samahani. Hii ruta haisahau yenyewe. Ina tundu dogo hapa nyuma. Ukichoma kitu ukashikilia sekunde kama kumi, inafuta yote, inarudi ilivyotoka kiwandani. Kuna mtu anaibonyeza."

"Nyumba hii ina watu wawili," nikamwambia. "Mimi na mama. Mama hajui hata kuwasha televisheni. Kwa hiyo unasema ni mimi?"

"Sijasema hivyo, mwalimu."

"Basi nitasema mimi. Unaitengeneza leo iharibike kesho, uje unywe chai yangu na kampuni ikuone una kazi. Ulishindwa saketi ya betri moja. Nani alikupa nyumba za watu uzichezee?"

Niliyasema hayo kwa sauti ya darasani, mlango wazi, jirani wa mabasi akiwa upande wa pili wa ua anajifanya anafunga kamba ya nguo. Fundi akainamia kompyuta yake. Alimaliza kuandika mipangilio, akangoja kijani, kisha akachana karatasi kwenye daftari lake na kuandika vile vitu vinne kwa herufi kubwa. "Ikitokea tena na mimi niko mbali, utaweka mwenyewe. Namba ya njia usiisahau, ndiyo inayowashinda wengi."

"Karatasi ni ya wanaosahau," nikamwambia, na sikunyoosha mkono.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akanyoosha wa kwake. "Nipe mimi, mwanangu. Karatasi ya mgeni haitupwi." Akaikunja, akaiingiza kwenye kitabu chake cha nyimbo za kanisani, ambacho hakisomi tena ila hakiachi. Fundi akampa mkono, akaniaga mimi pia kwa adabu zote, akaenda. Nikamwambia mama kwamba mtu yule ni bure kabisa.

"Ana mikono ya polepole," mama akasema. "Watu wa namna hiyo hawaharibu vitu."

Ijumaa ilikuwa nyekundu. Sikumwita fundi. Nilisema nitampigia jioni, na jioni nikasema kesho asubuhi, kwa sababu baada ya maneno yale niliona aibu kumpigia.

Jumamosi niliamka mapema kuliko kawaida, hata kengele haijalia. Nikapita korido kwenda kuiangalia ruta, na nikamkuta mama sebuleni. Alikuwa ameinama juu ya kimeza, shali mabegani, kidole cha mkono wa kushoto kinatafuta kitu mgongoni mwa ruta. Akakipata. Mkono wa kulia ukaleta sindano ya jiko. Akaichoma taratibu, akaishikilia, na huku ameishikilia akasali Salamu Maria, yote, tangu mwanzo hadi saa ya kufa kwetu, amina. Taa zote zikazima. Zikawaka upya moja moja. Akachomoa sindano, akaifuta kwenye kitenge, akaifunga tena kwenye pindo, akatabasamu peke yake.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakizibua," akasema, wala hakushtuka. "Nakizibua kila asubuhi. Ulisema kikiziba picha haiji, na leo ndiyo siku yake. Ona, zimezima zote na zimewaka upya. Kimezibuka vizuri."

Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka dakika ile kwa namna inayonipa heshima kidogo, na haipo. Ningeweza kucheka, au kukaa chini. Mwanamke wa miaka themanini na zaidi, asiyeona, anaamka gizani wiki nzima kutunza mashine ya mjukuu wake kwa mfano niliompa mimi mwenyewe kwa uvivu. Lakini mimi niliona wiki yangu, aibu yangu mbele ya mtu wa alama nane, na saa ya ukutani. Nikapayuka.

"Kumbe ni wewe! Wiki nzima unaharibu, tunagombana na watu, kumbe ni wewe! Hiki si jiko, mama! Usikiguse tena. Usikisogelee kabisa! Kaa mbali nacho!"

Akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, mpaka mgongo ukagusa kiti. Akaifungua sindano kwenye pindo la kitenge, vidole vinahangaika na fundo, akaiweka kwenye kiti. Halafu akatoka, ameshika ukuta. Asubuhi ile sikusikia pampu ya jiko.

Nikafungua kompyuta yangu. Sasa ndipo mwalimu wa fizikia angeonyesha kazi. Ruta ikaniuliza lugha, ikaniuliza nchi, ikanipa orodha ya aina za muunganisho ndefu kama majina ya mahudhurio. Jina la mteja nililikumbuka kwa sababu ni langu na namba ya nyumba. Nenosiri nililikumbuka nusu. Namba ya njia sikuwa na hata nusu, na ile karatasi niliyoikataa wala haikunijia akilini. Nikachagua aina ya kwanza, nyekundu. Ya pili, nyekundu. Nikajaza namba ya mwaka niliozaliwa, kama mtu anayecheza bahati nasibu, nyekundu. Kengele ya kanisa ikalia ya kwanza, ikalia ya pili. Nikampigia fundi, tena nilimpigia nikiwa nimesimama juu ya tofali uani na soksi miguuni; simu yake haikupatikana. Siku ile alikuwa ameshuka Kasanga, kule ziwani, nilikuja kuambiwa baadaye.

Niliporudi ndani, kitabu cha nyimbo kilikuwa sakafuni, kwenye kizingiti cha mlango wa sebule. Mama alikuwa amekiweka hapo na kuondoka. Hakukivusha kizingiti. Karatasi ilikuwa imechomoza katikati, herufi kubwa, mwandiko ule ule mzuri niliouhurumia kwa alama nane.

Nikaandika vile vitu vinne jinsi vilivyo. Taa ikakaa nyekundu, ikawa ya njano, ikawa kijani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika chache.

"Mama!" nikaita. "Njoo, imekubali! Njoo upesi!"

Alikuja. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba kipya, rozari mkononi. Alikuja mpaka kwenye kizingiti, akaita jina la mjukuu wake kwa sauti ndogo, akavuta kigoda cha jikoni na kukaa pale pale mlangoni.

"Mama, sogea. Hapo huoni."

"Hapa panatosha."

"Hapatoshi. Njoo mbele, weka kigoda mahali pako."

"Umesema nisikisogelee."

"Nilisema kwa hasira."

"Ulisema kweli," akasema. "Nilikuwa nakiharibu na sijui. Nikija hapo kikazima leo, yule mtoto yuko katikati ya kuapa, nitamjibu nini Mungu? Acha nikae huku."

Angekuwa amenuna ningejua la kufanya. Kununa kwa mama nimekuzoea tangu utoto. Lakini hakununa. Alikuwa ameniamini. Nikamshika mkono nimvute, na kadiri nilivyovuta ndivyo alivyojikaza kwenye kigoda. Nikafikiria kuihamisha ruta. Waya ulikuwa umepigiliwa ukutani, na kuung'oa ni kuzima. Kule ng'ambo kwaya ikaanza. Binti yangu akatokea na mshumaa, akalala kifudifudi mbele ya altare, na wakaimba litania ya watakatifu wote, na mama akawa anaitikia mlangoni, utuombee, utuombee, uso ameuelekeza kwenye mwanga.

"Amesimama?" akauliza.

"Amesimama."

"Amevaa nini?"

"Nyeupe. Shela nyeusi."

"Anatetemeka?"

Nikasogea mbele nimtazame vizuri. "Hatetemeki. Anasoma kwenye karatasi."

"Uso wake ukoje?"

Nimefundisha watoto wa watu kueleza mwanga unavyopinda ndani ya maji. Nilitafuta neno la kumweleza mama uso wa mtoto aliyemlea yeye, nikakosa. Nikamwambia, "Ni mzuri, mama." Akasema ahsante.

Ilichukua saa moja na nusu, na ruta haikuyumba hata mara moja. Ilipokwisha, kabla hawajaenda mezani, binti yangu akapiga. Uso wake ukajaa ukuta, mkubwa, machozi yanang'aa, pete mpya imeinuliwa mbele ya kamera.

"Bibi! Bibi uko wapi? Umeniona?"

"Nimekuona, mama," akajibu kutoka mlangoni. "Nimekuona vizuri. Umependeza sana."

Binti yangu akacheka kwa furaha. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, mahali pa kigoda chake, naona kila kitu.